Mackinnon na reli yake ya maili saba

Kila nikipanda basi kwenda Nairobi, Mackinnon Road lazima tusimame. Wengine hushuka kumsomea Fatiha Sayyid Baghali Shah, aliyekuja kutoka India enzi za ujenzi wa reli na kuzikwa pale. Wengine hununua maji, wakanyoosha miguu, safari ikaendelea. Kwa miaka mingi nilidhani huyo Mackinnon alikuwa injinia wa reli. Kumbe alikuwa mfanyabiashara, na reli aliyoianzisha yeye iliishia maili saba tu.

Nyumbani kwetu Mji wa Kale tulisikia habari za troli kabla ya kusikia za treni. Baba yake nyanya yangu alikuwa akisukuma troli, vile vigari vya kiti na turubai vilivyopita juu ya reli nyembamba kutoka mjini hadi Kilindini, abiria ameketi na watu wawili wanasukuma nyuma. Nyanya alisimulia kama mchezo. Alichokuwa hajui, na mimi nimekijua ukubwani, ni kwamba vyuma vile vilikuwa mabaki ya biashara iliyokufa.

William Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 Campbeltown, mji mdogo wa bandari huko Scotland. Alianza kazi dukani, akiuza vyakula. Mwaka 1847 akaenda India, akashirikiana na Mskoti mwenzake, Robert Mackenzie, na wakafungua nyumba ya biashara mjini Calcutta. Mwaka 1856 walianzisha kampuni ya meli za moshi za kupeleka barua Burma, na mwaka 1862 kampuni hiyo ikawa British India Steam Navigation. Wazee wa pwani wanaijua kwa jina la BI. Mwaka 1872 meli zake zilianza kuleta barua Zanzibar kutoka Aden. Hapo ndipo habari yake na yetu inapoanza.

Meli zilimtajirisha, na nadhani ndizo zilizompoteza. Bahari haijengwi. Mwenye meli hununua chombo, akapakia, akang'oa nanga, na safari ya kwanza tu inaweza kurudisha kitu. Njia isipolipa, meli anaihamishia kwingine. Reli sivyo. Utakata pori, utajenga madaraja, utalaza mataruma na vyuma, utalisha vibarua miaka na miaka, na hujauza tikiti hata moja. Ikishindwa huwezi kuikunja ukaondoka nayo. Mimi na jamaa wawili tuliwahi kununua tuktuk kwa mkopo. Awamu ya kwanza ya deni ilifika kabla leseni haijatoka, na usingizi ukaisha. Hiyo ilikuwa tuktuk moja.

Onyo alilipata mapema. Mwaka 1877 yeye na rafiki zake walianza kukata barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea maziwa makuu. Ilifika maili 70 hivi, mbung'o wakaua ng'ombe wa kukokota magari, na mwaka 1881 kazi ikaachwa. Miaka hiyo hiyo Sultan Barghash alikuwa tayari kumkodishia karibu bara yake yote, lakini mazungumzo yakavunjika.

Kumi baadaye alirudi. Mei 1887 Barghash alitoa idhini kwa chama cha Mackinnon kuendesha pwani ya Wanga hadi Kipini kwa miaka 50, na kukusanya ushuru wa forodha kwa jina la Sultan. Septemba 1888 malkia wa Uingereza aliipa kampuni hati ya kifalme, ikaitwa Imperial British East Africa Company. Mtaji wa mwanzo uliochangwa ulikuwa pauni 240,000, na Mackinnon mwenyewe aliahidi 25,000. Zilikuwa fedha nyingi kwa duka. Lakini huyu alikuwa amechukua nchi. Ilimbidi amhakikishie Sultan kila mwaka mapato ya forodha aliyokuwa akiyapata, alipe askari na maofisa, ajenge vituo, na mwaka 1889 kampuni ikatoa fidia kwa wenye watumwa waliokuwa wamekimbilia misheni ya Rabai.

Bidhaa za bara zilibebwa kichwani. Mizigo ya mchukuzi ilikuwa kama ratili 60 au 70, na gharama yake ilikula thamani ya karibu kila bidhaa isipokuwa pembe za ndovu. Mackinnon aliona sawasawa kwamba bila reli kampuni haina faida. Kosa halikuwa hapo. Kosa lilikuwa kudhani reli inaweza kuanza kidogo kidogo kama biashara ya duka.

Mwaka 1890 kampuni ilianza kulaza reli yake kutoka Mombasa. Waliipa jina kubwa, Central African Railway, yaani reli ya Afrika ya Kati. Upana kati ya vyuma viwili ulikuwa futi 2, kama reli za mashamba ya miwa. Zikalazwa maili saba, fedha zikakauka, kazi ikasimama. Maili saba hazifiki kwenye pembe wala kwenye mazao yoyote ya bara. Inasemekana wakubwa wa kampuni waliitumia kwenda matembezi.

Wakati huo kampuni ilikuwa imejiingiza Uganda kupitia Lugard, na gharama za huko zikamaliza kilichobaki. Walipotaka kuondoka mwaka 1891, wamishonari wa Uingereza walichangisha fedha ili wabaki kwa muda, na Mackinnon akatoa pauni 10,000 zake. Mtu wa duka la Campbeltown asingefanya hivyo. Lakini alikuwa na zaidi ya miaka 65, amepewa cheo cha Sir, na nadhani aibu ya kushindwa ilimuuma kuliko hasara.

Mwaka 1892 Kapteni Macdonald alikamilisha upimaji wa njia hadi Ziwa Victoria. Makadirio yake yalikuwa maili 657 kwa pauni 2,240,000. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Ni kama pauni 3,400 kwa maili. Mtaji wote wa mwanzo wa kampuni, bila kumlipa Sultan wala askari hata mmoja, ungejenga maili 70 hivi. Yaani ungeishia nyikani, mbele kidogo tu ya hapo Mackinnon Road.

Mackinnon alifariki London Juni 1893. Wenye hisa hawakuwa wamepata faida hata senti.

Sasa sikiliza mwisho wa hesabu, maana unatugusa sisi. Mwaka 1890 Wajerumani walikuwa wamemlipa Sultan wa Zanzibar pauni 200,000 kwa pwani ya Mrima, iliyo Tanzania leo. Mwaka 1895, kampuni ilipovunjwa, ililipwa pauni 250,000 iachie kila kitu. Serikali ya Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilitoka katika fedha hizo za Sultan. Mtawala aliyekodisha pwani yake ndiye aliyetoa fungu kubwa la kumwondoa mpangaji, na papo hapo mpangaji mwingine akaingia. Waingereza waliahidi kulipa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi ya pwani, na 6,000 riba ya zile 200,000. Tunapobishana leo kuhusu maili kumi, ni nadra kusikia habari ya zile laki mbili.

Mwaka uliofuata serikali ilianza reli yake, ya upana wa mita moja, kwa fedha za walipa kodi wa Uingereza. Ilifika ziwani Desemba 1901 na kugharimu zaidi ya pauni milioni 5, mara mbili ya makadirio. Meli iliyoagizwa na kampuni, ikaletwa vipande vipande na kubebwa hadi ziwani, iliingia majini mwaka 1900. Iliitwa William Mackinnon.

Vyuma vya ile reli ya maili saba viling'olewa vikalazwa mjini Mombasa kwa ajili ya troli, na baba yake nyanya yangu akapata kazi. Sanamu ya Mackinnon ilisimama Treasury Square hadi wakati wa uhuru, kisha ikasafirishwa kurudi Scotland.