Maisha ya Mwandishi: Emily Ruete (1844–1924)
Mwanafunzi, umezoea kuona Wazungu wakihamia Diani. Salme, binti wa Sultani Seyyid Said wa Unguja, alikwenda kinyume chao. Mwaka 1866 alitoroka kwao akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani. Mwaka 1867 alibatizwa huko Aden, akaitwa Emily, wakafunga ndoa na kuhamia Hamburg. Nyumbani, karibu na ziwa Alster, walizungumza Kiswahili. Mwaka 1870 Heinrich aligongwa na tramu ya farasi, akafa. Emily alibaki ugenini na watoto watatu wadogo. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886.
Zingatia: Unapojadili maudhui ya ugeni, usitaje baridi na chakula tu. Eleza mhusika amebaki na nani wa kuzungumza naye lugha yake.