Deni letu kwa Bella Bellow

Kwa muda mrefu nimekuwa miongoni mwa wale wanaolalamika kwamba walimwengu huuimba wimbo wa Malaika bila kumtaja Fadhili William, ambaye sauti yake ndiyo iliyotufikishia wimbo huo hapa Kenya. Lakini nyani haoni kundule. Siku moja niligundua kwamba nami nilikuwa nimemtendea mwingine vivyo hivyo.

Katika miaka ya tisini nilinunua kaseti ya Logozo ya Angélique Kidjo, msanii mzaliwa wa Benin, iliyotolewa mwaka wa 1991. Sitaficha kwamba kilichonivuta ni Malaika, ambao Kidjo ameuimba humo kwa Kiswahili. Katika kaseti hiyo hiyo mlikuwa na wimbo mwingine wa utulivu, uitwao Blewu. Niliusikiliza miaka nenda miaka rudi, nikidhani ni wake. Kumbe ulikuwa wa mwanamke wa Togo aliyekwisha kuzikwa kitambo. Jina lake lilikuwa Bella Bellow.

Georgette Nafiatou Adjoavi Bellow alizaliwa tarehe 1 Januari 1945 huko Tsévié, mji ulio kaskazini mwa Lomé. Nchi aliyozaliwa ilikuwa imekwisha kukatwa vipande na wakoloni. Baada ya Wajerumani kushindwa mwaka wa 1914, Waingereza na Wafaransa waligawana Togo, na mpaka wao ukapita katikati ya Waewe. Sehemu ya Waingereza hatimaye iliungana na Ghana, nayo ya Wafaransa ikawa jamhuri mwaka wa 1960. Bella alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano bendera ya uhuru ilipopandishwa Lomé.

Alikwenda Abidjan, Ivory Coast, kusomea kazi ya uhazili, na huko huko akajinoa katika muziki. Laiti angalitulia ofisini, pengine angaliishi maisha ya starehe, kwa maana katika zama hizo jamii nyingi hazikumtazama kwa jicho jema mwanamke aliyesimama jukwaani kuimba kwa malipo. Yeye alichagua jukwaa.

Mwaka wa 1966 Rais Léopold Senghor wa Senegal aliandaa mjini Dakar tamasha kuu la kwanza la sanaa za watu weusi wa dunia nzima. Duke Ellington alitoka Marekani kuja kupiga muziki wake. Togo nayo iliwakilishwa na Bella Bellow, binti wa miaka ishirini na mmoja. Kuanzia hapo milango ilifunguka. Chini ya uangalizi wa Gérard Akueson, Mtogo mwenzake, alirekodi nyimbo mjini Paris, ukiwemo Rockya uliomjengea jina, na akafika katika ukumbi maarufu wa Olympia. Alifanya kazi pia na Manu Dibango, yule mpiga saksafoni mashuhuri wa Kamerun.

Linalonishangaza zaidi ni lugha aliyoichagua. Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya serikali, ya shule na ya soko la sahani za santuri. Bella hata hivyo aliimba hasa kwa Kiewe, lugha ya nyumbani, na sauti yake ikaeleweka pande zote mbili za mpaka uliochorwa na wageni. Alipokwenda ugenini hakuiacha lugha yake mlangoni. Aliingia nayo, na wageni wakampigia makofi.

Neno blewu kwa Kiewe ni taratibu, polepole. Ole wetu, maisha ya aliyeuimba wimbo huo hayakwenda polepole. Alikuwa ameolewa na kujaliwa binti, na alikuwa akiendelea kurekodi, pale ajali ya gari nchini mwake ilipoyakatiza maisha yake tarehe 10 Desemba 1973. Alikuwa na umri wa miaka 28. Kazi yake tangu Dakar haikutimiza hata miaka minane.

Mbegu aliyoipanda haikuoza. Kidjo, aliyekuwa mtoto wakati huo, hachoki kumtaja Bella miongoni mwa wanawake waliomwonyesha njia. Tarehe 11 Novemba 2018, dunia ilipoadhimisha miaka mia moja tangu kumalizika kwa Vita Vikuu vya Kwanza, Kidjo alisimama Paris mbele ya viongozi wa mataifa kuwakumbuka askari Waafrika waliopigana chini ya bendera ya Ufaransa. Wimbo aliouchagua ni Blewu. Kwa hiyo Kiewe cha Bella kilisikika hadharani, miaka 45 baada ya kifo chake.

Mimi nauona humo msiba na faraja. Msiba ni kwamba sauti ya Lomé ilibidi ipitie Paris ndipo inifikie Nairobi. Faraja ni kwamba aliyeichukua aliitaja kwa jina la mwenyewe. Sisi tunaodai haki ya Fadhili William hatuna budi kuwatendea wengine haki hiyo hiyo. Ewe msomaji, ukiusikia tena wimbo wa Blewu, mtaje mwenyewe. Mimi nimechelewa, lakini deni halifutwi na kuchelewa.