Ibn Nafis, tabibu aliyeijua njia ya damu

Wanafunzi wetu mnajua, mkikimbia mchakamchaka asubuhi moyo hudunda na pumzi nazo hupanda. Kwa nini moyo na mapafu viende pamoja? Wa kwanza kuieleza sawasawa njia ya damu baina ya viwili hivyo, kwa tunavyojua, ni mwanachuoni wa Kiislamu, Ala-ud-Din Ibn Nafis, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Sham, mnamo mwaka 1213 hivi, akasomea utabibu Damascus katika hospitali ya Nuri, kisha akahamia Misri. Huko Cairo alifikia kuwa mkuu wa matabibu, na wakati huohuo akifundisha fiqhi ya madhehebu ya Imamu Shafi katika madrasa ya Masruriyya. Wanaodhani kitabu cha fiqhi na cha baiolojia havikai katika mkoba mmoja wamtazame yeye.

Mwaka 1242, akiwa na miaka kama 29 tu, alimaliza kitabu cha kufafanua maungo ya mwili kama yalivyotajwa katika Qanun ya Ibn Sina. Zama hizo matabibu walimfuata Galen, Mgiriki aliyeaminiwa kwa miaka kama 1,000. Galen alifundisha kuwa damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Ibn Nafis akakataa. Ukuta ule ni mnene, hauna tundu. Damu hutoka kulia, huenda mapafuni ikachanganyika na hewa, ndipo hurudi upande wa kushoto. Si jambo dogo kijana kumpinga bingwa wa namna hiyo! Akaeleza pia kuwa moyo hulishwa na mishipa iliyomo katika nyama yake wenyewe. Ndiyo mishipa hiyo ikiziba mtu hupata shambulio la moyo.

Leo twajua kwamba moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Wale vijana wanaopakia magunia ya mahindi kwenye malori hapa sokoni Kibaigwa, kazi ikipamba moto, mioyo yao yaweza kufika lita 20, yaani debe zima kila dakika, na yote hupita mapafuni kwanza. Moyo uliozoea mazoezi hupata nguvu, hata mwenyewe akipumzika hupiga mara chache kuliko wa asiyezoea. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wapate dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Kukaa mbele ya televisheni hakuhesabiwi.

Inasimuliwa kwamba alipougua ugonjwa wake wa mwisho, matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo iwe dawa, naye akakataa. Alifariki Cairo tarehe 17 Desemba, 1288, akaiachia hospitali ya Mansuri nyumba yake na vitabu vyake.

Maneno yake juu ya moyo yakasahaulika. Huko Ulaya Servetus aliandika habari ya damu kupita mapafuni mwaka 1553, na Harvey akaeleza mzunguko mzima mwaka 1628. Ilikuwa mwaka 1924 ndipo daktari wa Kimisri, Muhyi-ud-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alipoikuta nakala ya kitabu kile katika maktaba moja mjini Berlin.