Kandinsky, ukungu wa Kimulot na mlango wa bibi

Kazi ilinileta Kimulot, huku juu kwenye majani chai. Mtu wa Pwani hutarajia kushangazwa na baridi. Mimi nilishangazwa na jioni. Ukungu ukishuka, vilima hupoteza majina yao. Huoni tena shamba, wala njia, wala mchumaji na kapu lake. Hubaki kijani juu ya kijani, na michirizi inayopinda. Hujui unatazama nini, na bado jicho halitaki kuondoka.

Kuna mtu aliyejenga maisha yake juu ya hali hiyo. Wassily Kandinsky alizaliwa Moscow mwaka 1866, akakulia Odessa, mji wa bandari, kisha akasomea sheria na uchumi. Mwaka 1889 alikwenda Vologda, kaskazini mwa Urusi, kuchunguza sheria za kimila za wakulima. Akaingia katika nyumba za mbao ambazo makasha na samani zake zilijaa nakshi na rangi, akajiona amesimama ndani ya picha. Baadaye, katika maonyesho pale Moscow, alitazama picha ya Claude Monet asitambue ni ya kitu gani mpaka aliposoma orodha: lundo la nyasi. Alikereka. Lakini picha ile ilimganda kichwani.

Mwaka 1896 aliitwa kufundisha sheria katika chuo kikuu cha Dorpat. Akakataa, akaenda Munich kujifunza uchoraji, naye ana miaka 30 na mke. Fikiria mwanao wakili akuletee habari hiyo mezani.

Huko Munich, magharibi moja, alirudi chumbani akakuta picha nzuri ajabu, rangi na maumbo matupu. Kumbe ni yake mwenyewe, imeegemezwa ukutani kwa ubavu. Asubuhi, mwanga ulipokuja na vitu vikatambulika, uzuri ule haukurudi. Akaanza kushuku kwamba vitu ndivyo vilivyokuwa vikimharibia kazi.

Sasa msomaji wangu, hapa ndipo nataka tukae kidogo. Kati ya Desemba 1904 na Aprili 1905 mtu huyu aliishi Tunis pamoja na mchoraji Gabriele Münter, katika mji wa vigae, mazulia na kuta za nakshi. Mwaka 1910 Munich ikaandaa maonyesho makubwa ya sanaa za Waislamu, vitu zaidi ya 3,500. Kandinsky alikwenda, na akaandika akisifu picha ndogo za Waajemi. Mwishoni mwa 1911 alitoa kitabu chake juu ya roho katika sanaa, akieleza kwamba rangi humgusa mtu kama muziki, bila kuhitaji kuiga mti wala uso. Siwezi kusema alijifunza kwetu. Ila alipofika kwenye sanaa hii inayoitwa dhahania, alikuta watu wamekwisha kukaa humo karne nyingi.

Hata Ulaya hakuwa wa kwanza, ingawa yeye alipenda ijulikane hivyo. Hilma af Klint wa Sweden alianza picha za namna hiyo mwaka 1906, akazificha.

Yaliyobaki nitayapita haraka. Vita vya 1914 vilimrudisha Urusi. Mwaka 1922 akaanza kufundisha Bauhaus, shule mashuhuri ya ufundi na sanaa Ujerumani. Wanazi walipoibana shule hadi ikafungwa mwaka 1933, alihamia Neuilly, kando ya Paris. Mwaka 1937 kazi zake 57 zilinyakuliwa katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani, na baadhi zikatundikwa Munich ile ile ili watu wazicheke. Alifariki tarehe 13 Desemba 1944, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 78.

Kwetu hakuna aliyetuma askari. Mara nyingi nimesikia vijana wa Mji wa Kale wakiambiwa kwamba picha isiyo na mtu ni upuuzi wa Wazungu, na anayesema hivyo amevaa kofia iliyotobolewa nakshi kwa mkono, ameketi juu ya mkeka wa ukili wa rangi tatu. Hakuna uso kwenye kofia ile. Hakuna mti kwenye mkeka.

Bibi yangu alikuwa na mlango wa kuchonga, minyororo na maua yasiyoota popote duniani. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikifuata mstari mmoja kwa kidole mpaka unipotee, kisha naanza tena. Alipofariki tuliuuza, sisi wajukuu, tukatia geti la chuma. Dalali aliutazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Mimi ndiye niliyemsaidia kuupandisha kwenye mkokoteni.