Alick Nkhata: Sauti ya Redio Lusaka iliyotokea ng'ambo ya Tunduma

Ukivuka mpaka wa Tunduma na kuingia Nakonde, reli ya TAZARA inaendelea kukata pori kuelekea kusini-magharibi. Inapita Kasama, inapita Mpika na Serenje, inaingia Mkushi, kisha inaishia Kapiri Mposhi.

Kasama ndiko alikozaliwa Alick Nkhata mwaka 1922. Mkushi ndiko alikouawa mwaka 1978. Katikati ya miaka hiyo 56 alikuwa mwanamuziki na mtangazaji ambaye sauti yake ilitoka kwenye redio moja ndogo ya Lusaka na kuingia vijijini, migodini na kwenye vilabu vya pombe vya nchi tatu.

Vijana wengi wa Songwe leo hawamjui. Lakini ukitaka kuelewa jinsi muziki wa gitaa ulivyopata nafasi redioni upande huu wa Afrika, jina lake huwezi kuliruka.

Mtoto wa makabila mawili

Baba yake alikuwa Mtonga, mama yake Mbemba. Nchi yenyewe wakati huo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini, koloni la Uingereza.

Alick alisomea ualimu, kisha Vita vya Pili vya Dunia vikamchukua. Kama walivyopelekwa vijana wengi wa Tanganyika na Kenya, naye alipelekwa Burma kupigana na Wajapani upande wa Waingereza.

Aliporudi alikutana na Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi. Tracey alitaka nyimbo za asili zinaswe kabla hazijapotea. Alick akasafiri naye, akaona jinsi wimbo wa kijijini unavyoweza kukaa kwenye sahani ya santuri na kusikika mbali na ulikoimbwa.

Safari hizo zilimpa kazi ya maisha yake yote.

Redio ya mji mdogo

Lusaka ya miaka ya 1940 haikuwa jiji la kutisha. Ilikuwa imefanywa makao makuu mwaka 1935 tu, ikichukua nafasi ya Livingstone, na bado ilikuwa mji mdogo.

Redio yake ilianza mwaka 1941, wakati wa vita. Aliyeisukuma ni ofisa habari wa serikali ya kikoloni, Harry Franklin. Lengo la mwanzo lilikuwa kuwapa wananchi habari za vita.

Vita vilipoisha, Franklin akashikilia wazo lake: redio hiyo iwahudumie Waafrika kwa lugha zao. Kibemba, Kinyanja, Kitonga, Kilozi na nyingine. Ikawa kituo cha kuhudumia Rhodesia zote mbili pamoja na Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Kwa kulinganisha, Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Lusaka ilikuwa imetangulia miaka kumi.

Tatizo lilikuwa moja. Watu wangesikiliza kwa kutumia nini? Redio za enzi hizo zilikuwa makabati makubwa ya bei mbaya, na vijijini hakukuwa na umeme.

Franklin alihangaika na viwanda hadi kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ikakubali kutengeneza redio rahisi ya betri. Ganda lake la duara lilitokana na umbo la sufuria, likapakwa rangi ya bluu. Watu wakaiita redio sufuria.

Iliingia sokoni mwaka 1949 kwa pauni 5, na betri yake pauni 1 na shilingi 5. Kwa kibarua wa wakati huo hizo ni hela za kujibana miezi kadhaa, lakini watu walijibana.

Redio moja haikuwa ya mtu mmoja. Jioni majirani walijaa uani, watoto chini, wazee kwenye viti, kila mtu kimya akisubiri sauti ya Lusaka.

Gitaa na sauti nne

Hapo ndipo Alick Nkhata alipong'ara. Aliingia kituoni kama mtangazaji, lakini hakukubali kuishia kusoma matangazo.

Alikwenda vijijini na gari la kurekodi, akakusanya nyimbo. Akirudi studio, alichukua ladha ile ya kijijini na kuitia gitaa na upangaji wa sauti uliokuwa ukivuma kwenye santuri za Marekani. Akaunda kundi la watu wanne lililobeba jina lake. Baadaye ikaja Lusaka Radio Band, ambayo ilibadili jina na kuwa Big Gold Six.

Alichoimba kilikuwa maisha ya msikilizaji wake. Mwanaume aliyekwenda migodini na kumwacha mke nyumbani. Msichana wa mjini anayetingisha vichwa vya wanaume. Pombe, wivu, safari, kuagana. Wimbo wake uliodumu kuliko nyingine unaitwa Shalapo, neno la Kibemba la kumuaga mtu anayebaki.

Kwa mchimba madini aliyetoka Kasama au Isoka na sasa yuko Kitwe, kusikia Kibemba cha nyumbani kikiimbwa kwa gitaa la mjini ilikuwa kama kupokea barua. Na barua za kweli zilimiminika kituoni kutoka kwa wasikilizaji, wengi wakiomba wapigiwe nyimbo. Wazazi wetu waliotuma kadi za salamu redioni wanaujua vizuri mchezo huo.

Na mawimbi mafupi hayana pasipoti. Hayapangi foleni ya forodhani. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka wa Tunduma na Nakonde, na Kibemba hadi leo kinasikika sokoni. Redio ya Lusaka ilikuwa inaongea na ukanda huu wote.

Watu walipoacha kuiamini redio

Lakini redio hiyo ilikuwa ya serikali ya kikoloni, na mwaka 1953 hilo liliwagharimu watangazaji wake.

Mwaka huo Waingereza waliziunganisha Rhodesia mbili na Nyasaland kuwa Shirikisho. Waafrika wengi walilikataa. Waliona ni mbinu ya walowezi wa Salisbury kuwatawala moja kwa moja na kuchukua ardhi yao.

Redio nayo ilitakiwa kulieleza Shirikisho hilo kwa wasikilizaji. Ghafla zile sauti zilizopendwa zikaanza kuonekana sauti za wasaliti. Watangazaji Waafrika wa Lusaka wakahusishwa hata na uvumi wa banyama, watu waliodaiwa kuwateka Waafrika kwa niaba ya wazungu. Kwa Mtanzania, ni zile zile hofu za mumiani na chinjachinja.

Fikiria hali hiyo. Jana walikuandikia wakikuomba wimbo, leo wanakuona unaweza kuwanyonya damu.

Kilichomwokoa mtu kama Alick ni kwamba muziki wake haukuwa tangazo la serikali. Taarifa ya habari ilikuwa ya watawala, na msikilizaji alijua hivyo. Wimbo wa Kibemba kuhusu mke aliyeachwa kijijini ulikuwa wake mwenyewe, na hakuna mtu wa Salisbury aliyeweza kumnyang'anya.

Serikali ilijenga redio ili iongee na watu. Watu wakaitumia kusikilizana wao kwa wao. Alick Nkhata alisimama katikati ya mambo hayo mawili kwa zaidi ya miaka kumi, na haikuwa sehemu rahisi ya kusimama.

Uhuru, kisha shamba

Shirikisho lilivunjika mwaka 1963. Tarehe 24 Oktoba 1964 Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia.

Redio ikawa ya taifa, na Alick akawa miongoni mwa Waafrika walioiongoza. Baadaye alihamia kwenye usimamizi wa utamaduni serikalini. Miaka ya 1970 akaacha kazi za ofisi na kwenda kulima Mkushi.

Ndiyo miaka ambayo reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa. Zambia ilihitaji njia ya kufika baharini bila kupita kwa walowezi wa Rhodesia ya Kusini, na Tunduma ikawa lango lake. Barabara na reli zikabeba shaba kwenda Dar es Salaam na mafuta kurudi.

Zambia ililipa gharama ya msimamo huo. Ilikuwa imewapokea wapigania uhuru wa Zimbabwe, na kambi za ZAPU zilikuwa ndani ya ardhi yake. Moja ilikuwa Mkushi.

Oktoba 1978 majeshi ya Rhodesia yalivuka mpaka na kushambulia kambi kadhaa, ikiwemo hiyo ya Mkushi. Watu wengi waliuawa. Miongoni mwao alikuwemo Alick Nkhata, mkulima wa jirani, mwanamuziki aliyestaafu.

Alinusurika Burma akiwa kijana. Akafa shambani kwake kwenye vita vya uhuru wa nchi ya jirani. Zimbabwe ilipata uhuru wake mwaka mmoja na nusu baadaye, Aprili 1980.

Kilichobaki

Mwaka 1991 lebo ya Retroafric ya Uingereza ilikusanya rekodi zake za miaka ya 1950 na kuzitoa upya chini ya jina la Shalapo. Bila rekodi za zamani kutunzwa, kizazi cha leo kisingekuwa na cha kusikiliza.

Hilo ni somo kwa redio za mikoani, Songwe ikiwemo. Kila siku vituo vinarusha sauti za watu, ngoma za asili na salamu, na nyingi zinafutwa ili kupata nafasi kwenye kompyuta. Miaka 40 ijayo mtu atazitafuta.

Lusaka haijamsahau. Jengo la Shirika la Utangazaji la Zambia, ZNBC, liko kwenye barabara inayoitwa Alick Nkhata. Kila mtangazaji anayeingia zamu ya asubuhi anapita kwenye jina lake kabla hajafika kwenye kipaza sauti.