Maisha ya Bwana Moreau, Karani Aliyehesabu Ndege wa Amani

Katika toleo hili napenda kuwasimulia wasomaji habari za Bwana Reginald Ernest Moreau. Mtu huyu alikaa katika nchi yetu miaka 18, na jina lake linajulikana sana kwa wataalamu wa ndege wa dunia nzima, ingawa hapa Manyovu wengi hawajalisikia. Nimemchagua kwa sababu moja. Mara nyingi darasani wanafunzi wameniuliza kama mtu asiye na maabara kubwa wala mitambo ya thamani anaweza kuongeza neno lolote katika elimu ya viumbe. Maisha ya Bwana Moreau yanajibu swali hilo.

Alizaliwa mwaka wa 1897 huko Kingston, mji ulio kando ya mto Thames karibu na London. Alipokuwa angali mtoto baba yake alipata ajali ya garimoshi, afya yake ikaharibika, na nyumba yao ikapungukiwa na fedha. Kwa hiyo kijana huyu hakwenda Chuo Kikuu. Mwaka wa 1914 alifanya mtihani wa kuingia katika kazi ya serikali, akapewa kazi ya kukagua hesabu za jeshi. Hiyo ndiyo kazi aliyoijua: kupanga tarakimu na kutafuta kosa lilipo.

Baada ya muda akashikwa na ugonjwa wa viungo, na daktari akamshauri ahamie nchi isiyo na baridi. Mwaka wa 1920 akapelekwa Misri, katika kazi ile ile ya hesabu. Huko akajifunza Kiarabu, na siku za mapumziko akawa anatembea jangwani kutazama ndege wanaopita kutoka Ulaya na kurudi. Huko Misri pia alikutana na binti mmoja mlezi wa watoto, Winifred, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Bird, maana yake Ndege. Walioana mwaka wa 1924, na tangu hapo kazi ya ndege ikawa ya watu wawili.

Mwaka wa 1928 wakaja Tanganyika. Katika milima ya Usambara ya Mashariki, huko Amani, palikuwa na kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka wa 1902, na sasa kilikuwa mikononi mwa Waingereza. Mkuu wa kituo, Bwana William Nowell, alimwita Moreau afanye kazi ya uandishi na hesabu. Angalieni jambo hili vizuri. Hakuajiriwa kuchunguza ndege. Mchana alikuwa karani wa ofisi, mtunzaji wa vitabu, na baadaye mhariri wa jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Habari za ndege alizifanya katika nafasi iliyobaki.

Lakini aliingia nazo msituni tabia ya mkaguzi wa hesabu. Wakati ule wazungu wengi waliopenda ndege walikuwa wakiwapiga risasi, wakawachuna ngozi, na kuzipeleka katika nyumba za makumbusho. Hata Bwana Moreau alikusanya ngozi namna hiyo. Lakini ngozi iliyokauka haiwezi kukuambia ndege alikuwa akifanya nini alipokuwa hai: anaatamia saa ngapi, analisha watoto mara ngapi, na dume husaidia au hasaidii. Mambo hayo yalitaka mtu akae chini ya mti na saa na daftari tangu alfajiri hadi jioni, siku baada ya siku. Bwana Moreau alikuwa na ofisi yake, asingeweza. Basi akawafundisha vijana wa Kiafrika kazi hiyo. Walikaa karibu na viota, wakaandika kila mara ndege alipokuja na alipoondoka. Mmoja wao anayejulikana kwa jina hata leo ni Salimu Asmani.

Napenda kuwaeleza habari ya ndege mmoja waliyemchunguza, yaani hondohondo mkubwa wa Usambara, mweusi na mweupe, mwenye pembe juu ya mdomo. Jamaa zake wa aina nyingine wako upande wetu wa magharibi pia. Jike akitaka kutaga huingia katika shimo la mti mrefu, na mlango wa shimo huzibwa kwa udongo mpaka ubaki ufa mwembamba tu. Udongo huo huletwa na dume. Hushuka chini, akaumeza, ukachanganyika na mate kooni na kuwa vidonge vidogo. Kisha huruka hadi mtini, akavitoa kimoja kimoja, na jike aliyemo ndani huvipokea na kukandika ukuta. Tangu hapo jike hufungwa humo, naye na mtoto wake hutegemea chakula cha dume peke yake.

Je, dume mmoja anaweza kazi hiyo? Hapo ndipo hesabu ilipofaa. Ilikadiriwa kwamba katika muda wa siku 120 dume mmoja alileta matunda yapata 24,000, kwa safari 1,600. Gawanyeni wenyewe, mtaona ni safari 13 hivi kila siku, na matunda 15 katika kila safari. Kwa tarakimu hizo mtu huelewa mambo mawili. Kwanza, mtu akimwua dume huyo kwa bunduki au manati wakati wa kutaga, amewatia na wengine katika hatari ya njaa, nao hakuwaona. Pili, ndege anayekula matunda kiasi hicho hutawanya mbegu nyingi, na miti mingi ya msituni humtegemea yeye kupandwa mahali papya. Msitu humpa hondohondo shimo la kuzalia, naye huupa msitu miche.

Bwana Moreau na mkewe waliandika pia habari za mbayuwayu wa aina mbalimbali kwa njia hiyo hiyo ya saa na daftari. Waliandika habari za ndege mwingine mdogo mwenye mbio, anayekaa katika minazi na mivumo. Huyu hubandika manyoya kwa mate juu ya kuti linaloning'inia, kisha mayai yake nayo huyagandisha hapo hapo kwa mate, akaatamia akiwa amejishikiza wima huku kuti likipepea. Mtu asiyetazama kwa muda mrefu angesema huo ni uongo.

Kutokana na kutazama viota vingi likazuka swali kubwa. Ndege wengi wadogo wa nchi zetu za joto hutaga mayai mawili au matatu. Jamaa zao wa Uingereza hutaga manne, matano, au zaidi. Kwa nini? Mwaka wa 1944 Bwana Moreau alitoa makala ndefu juu ya jambo hilo katika Ibis, jarida la ndege lililoanza huko Uingereza mwaka wa 1859. Alikuwa amekusanya hesabu za mayai kutoka sehemu nyingi za Afrika na kuzilinganisha. Mtaalamu mwingine mashuhuri, David Lack wa Oxford, alieleza kwamba ndege hutaga idadi ya watoto anaoweza kuwalisha. Huko Kaskazini mwezi wa Juni mchana huzidi saa 16, na hapa kwetu mchana ni saa 12 tu, kwa hiyo mzazi wa kule ana muda mrefu zaidi wa kutafuta wadudu. Wengine wakasema sababu ni adui: mahali penye nyoka na nyani wengi, mzazi anayekuja kiotoni mara nyingi huonyesha adui njia, basi ni afadhali watoto wachache. Mabishano hayo hayajakwisha hata leo.

Jambo la tatu ni milima. Bwana Moreau aliona kwamba ndege wa misitu ya juu, ambao hawapendi kabisa kuvuka nchi tambarare yenye joto, wanapatikana katika milima iliyo mbali mbali. Walifikaje? Mwaka wa 1933 aliandika kwamba zamani za kale hali ya hewa ilikuwa ya namna nyingine, na misitu ilishuka chini ikakaribiana. Baadaye nchi ilipopata joto misitu ikapanda juu, na kila kundi la ndege likabaki mlimani kwake kama watu waliozungukwa na maji katika kisiwa. Wengine wakabadilika hata wakawa aina ya peke yao. Ndege mmoja mdogo wa Amani, mwenye mdomo mrefu, aliyeelezwa na wataalamu mara ya kwanza mwaka wa 1931, alipewa jina la Moreau. Ndege mwingine wa milima ya Uluguru, Bwana Moreau mwenyewe alimpa jina la mkewe Winifred mwaka wa 1938.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo watu wengi hawalisemi. Majina ya Bwana na Bibi Moreau yamo katika vitabu na katika majina ya ndege. Lakini wale vijana waliokaa chini ya miti wakihesabu, wengi wao hatuwajui. Ilikuwa desturi ya siku zile za ukoloni kwamba jicho lilikuwa la Mwafrika na jina likawa la Mzungu. Sisemi hivyo ili kumpunguzia Bwana Moreau sifa yake, kwani swali lilikuwa lake, na bila swali zuri kuhesabu hakufai kitu. Nasema ili mjue kwamba sehemu kubwa ya elimu ile ilitoka katika macho na subira ya watu kama ninyi.

Mwaka wa 1946 afya ilimlazimisha kurudi Uingereza. Alifanya kazi Oxford pamoja na Bwana Lack, akawa mhariri wa Ibis kwa miaka zaidi ya kumi, na mwaka wa 1951 Chuo Kikuu cha Oxford kikampa shahada ya heshima, yeye asiyewahi kusoma chuoni. Mwaka wa 1966 kilitoka kitabu chake juu ya ndege wa Afrika na visiwa vyake. Kazi yake ya mwisho ilihusu ndege wanaosafiri kila mwaka kutoka Ulaya na Asia kuja Afrika, ambao alikadiria kuwa kiasi cha milioni 5,000. Wachunguzi wa siku hizi wanaona idadi hiyo ni kubwa mno, lakini hesabu zao nao zimeanzia katika yake. Alifariki mwaka wa 1970, na kitabu hicho kikatoka mwaka wa 1972. Nao msitu wa Amani tangu mwaka wa 1997 umekuwa hifadhi.

Sasa turudi nyumbani. Mbayuwayu wa Ulaya hufika nchini kwetu karibu na mvua za vuli na kuondoka kabla ya katikati ya mwaka. Minana husuka viota katika miti iliyo karibu na nyumba zetu na mashamba ya kahawa. Misitu ya milima hii inapungua kwa shoka na moto, na ndege wakitoweka kabla hawajaandikwa, hakuna atakayeweza kuwahesabu tena. Hakuna mtu wa Oxford atakayekuja kukaa chini ya mti wa Manyovu tangu alfajiri. Kazi hiyo ni ya mkaaji wa hapa.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi kila mmoja achague kiota kimoja muhula huu. Asikiguse, wala asikaribie mno. Aandike tarehe, saa, mara ngapi mzazi alikuja, na chakula alicholeta kama kilionekana. Asiandike alichodhani, aandike alichoona. Daftari hizo nitazipokea na kuzitunza shuleni, na jina la kila mwandishi litakuwa juu ya ukurasa wake. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto ameketi kimya nyuma ya migomba na kalamu mkononi, msimwite mvivu kabla hamjatazama alichoandika. Na mwenye manati aiweke chini mpaka makinda yatoke.