Adolphe Sax

Adolphe Sax (jina la kuzaliwa: Antoine-Joseph Sax, Dinant, 6 Novemba 1814 – Paris, 7 Februari 1894) alikuwa fundi wa ala za muziki na mpiga klarineti kutoka Ubelgiji. Anajulikana duniani kote kama mvumbuzi wa saksafoni, ala inayobeba jina lake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kurekebisha na kuboresha ala zilizokuwepo tayari. Swali la kama kuboresha chombo cha zamani ni uvumbuzi au la lilimfuata mahakamani kwa miaka mingi, na lilichangia kumfilisi.

Maisha ya awali

Sax alizaliwa Dinant, mji mdogo kando ya mto Meuse. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto kumi na mmoja wa Charles-Joseph Sax na Marie-Joseph Masson. Baba yake alikuwa fundi wa ala za muziki, na familia ilihamia Brussels ambako alifungua karakana yake.

Inasimuliwa kwamba utoto wake ulijaa ajali. Alianguka kutoka ghorofani, alimeza pini, aliungua kwa baruti na aliwahi kunusurika kuzama mtoni.

Alijifunza ufundi katika karakana ya baba yake akiwa bado mtoto. Wakati huohuo alisomea filimbi na klarineti katika shule ya muziki ya Brussels. Kwa hiyo alizijua ala kwa pande zote mbili: kama fundi anayezitengeneza na kama mwanamuziki anayezipiga. Jambo hilo lilimsaidia kutambua kasoro zake.

Klarineti besi

Kazi ya kwanza iliyompa jina ilikuwa klarineti besi. Ala hiyo haikuwa mpya. Mafundi mbalimbali walikuwa wameijaribu kabla yake, lakini sauti yake ilikuwa dhaifu na isiyolingana. Matundu yalitobolewa pale vidole vilipoweza kufika, si pale sauti ilipohitaji yawe.

Sax alitengeneza bomba lililonyooka na pana zaidi. Aliyaweka matundu makubwa mahali panapotakiwa na kanuni za sauti, kisha akayafunika kwa vibonyezo vyenye pedi ili mpigaji ayafikie bila shida. Mwaka 1838 alipata hataza ya kazi hiyo. Klarineti besi za leo bado zinafuata msingi aliouweka.

Katika maonyesho ya Brussels ya mwaka 1841 alipeleka ala kadhaa. Inasemekana majaji walimnyima nishani ya dhahabu kwa sababu ya ujana wake, na kwamba alikataa nishani ndogo aliyopewa badala yake.

Kuhamia Paris

Mwaka 1842 Sax alihamia Paris, Ufaransa. Mtunzi Hector Berlioz, aliyekuwa pia mwandishi wa magazeti, aliandika habari za kumsifu katika mwezi wa Juni mwaka huo. Sax alifungua karakana yake mwenyewe mjini humo.

Huko aligeukia mabaragumu yenye vali. Hayo nayo yalikuwepo tayari, hasa katika nchi za Kijerumani. Sax aliyapa umbo la aina moja na kuyapanga kama familia, kuanzia sauti ya juu kabisa hadi besi, ili mpigaji wa ala moja aweze kuhamia nyingine kwa urahisi. Familia hiyo iliitwa saksihoni.

Tarehe 22 Aprili 1845 yalifanyika mashindano katika uwanja wa Champ de Mars. Bendi ya mtindo wa zamani iliongozwa na Michele Carafa, mkuu wa shule ya muziki ya jeshi. Bendi ya Sax ilikuwa na wapigaji wachache zaidi, lakini umati uliipendelea. Mwaka huohuo serikali iliamuru bendi za jeshi zipangwe upya kwa kutumia ala zake. Agizo hilo lilifutwa baada ya mapinduzi ya mwaka 1848, na ala zake zilirudi kwa nguvu chini ya Napoleon III.

Saksafoni

Sax alipata hataza ya saksafoni mwaka 1846. Sehemu zake nyingi zilijulikana tayari. Mdomo wa kupulizia wenye ulimi mmoja wa mwanzi ulifanana na ule wa klarineti. Bomba la shaba linalopanuka kuelekea mwisho lilikuwa na mfano katika ofikleidi, ala ya besi ya wakati huo. Vibonyezo vilitoka katika ujuzi wake wa klarineti besi.

Jambo jipya lilikuwa kuviunganisha vitu hivyo. Kwa sababu bomba la saksafoni ni la umbo la pia, mpigaji akipanda sehemu ya juu hufika oktava kamili. Katika klarineti, yenye bomba la upana uleule, hupanda noti kumi na mbili. Hivyo vidole vya saksafoni ni rahisi zaidi kujifunza. Ala iliyopatikana ilikuwa na nguvu ya ala za shaba pamoja na wepesi wa ala za mbao.

Kesi za hataza

Chini ya sheria ya Ufaransa ya mwaka 1844, hataza ilitolewa bila serikali kuchunguza kwanza kama kitu ni kipya. Mtu yeyote aliyepinga alipaswa kwenda mahakamani. Mafundi wengine wa Paris, waliokuwa wamepoteza soko la jeshi, waliungana dhidi ya Sax. Walidai kwamba saksihoni ni mabaragumu ya Kijerumani yaliyobadilishwa jina, na kwamba saksafoni haikustahili hataza.

Sax alishinda kesi muhimu, ikiwemo ile ya Rouen mwaka 1854. Hataza ya saksafoni iliongezewa miaka mitano, ikaisha mwaka 1866. Lakini gharama zilikuwa kubwa. Alifilisika mwaka 1852, 1873 na 1877. Katikati ya mashauri hayo aliugua saratani ya mdomo, akapona mwishoni mwa miaka ya 1850.

Miaka ya mwisho

Kuanzia mwaka 1857 Sax alifundisha saksafoni kwa wanafunzi wa jeshi katika Konsevatori ya Paris. Darasa hilo lilifungwa mwaka 1870 kutokana na vita kati ya Ufaransa na Prussia. Baada ya kufilisika mwaka 1877, mkusanyo wake wa ala za muziki uliuzwa kwa mnada.

Hata hivyo hakuacha kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, aliirekebisha saksafoni yake mwenyewe: alirefusha kidogo kengele ya ala na kuongeza kibonyezo ili ishuke kwa nusu toni zaidi. Alifariki Paris akiwa maskini, akazikwa katika makaburi ya Montmartre.

Urithi

Baada ya hataza kwisha, mafundi wengine walianza kuongeza na kubadilisha vibonyezo vya saksafoni, kama Sax alivyofanya kwa ala za waliomtangulia. Mwanawe Adolphe-Edouard aliendeleza karakana, ambayo baadaye ilinunuliwa na kampuni ya Selmer.

Katika karne ya 20 saksafoni ilikuwa ala kuu ya jazi. Ilienea pia katika muziki wa dansi wa Afrika. Nchini Kongo, Verckys Kiamuangana aliipiga katika bendi ya OK Jazz.

Hadi leo saksafoni ya zamani huweza kutumika kwa miaka mingi kwa kubadilishiwa pedi, kurekebishwa springi au kuwekewa mdomo mwingine wa kupulizia, na sauti yake ikabadilika sana bila kununua ala mpya.

Picha ya Sax iliwekwa kwenye noti ya faranga 200 ya Ubelgiji kabla ya kuja kwa euro. Mji wa Dinant unamkumbuka kwa sanamu na kwa mashindano ya kimataifa ya saksafoni yanayobeba jina lake.